Kupanga na Kupika Chakula cha Kambi ya Watu 20: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wapishi wengi wa kambi hukwama kwa jambo ambalo halihusiani na ufundi wa kupika. Sufuria inakuwa ndogo, jiko linakuwa moja ilhali vyakula ni vitatu, au maji yanaisha kabla ya vyombo kuoshwa. Kwa miaka mingi nimepikia makundi ya watu 10 hadi 40 yanayolala kwenye mahema, na naamini kwamba mlo mzuri wa kambini hupatikana kwanza kwenye karatasi, siku kadhaa kabla ya safari. Mfano nitakaoutumia ni wa watu 20 wanaofika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Hatua ya 1: Hesabu sahani na uwajue walaji

Kambi hiyo ina milo 6: chakula cha jioni cha Ijumaa, milo 3 ya Jumamosi na milo 2 ya Jumapili. Ukizidisha kwa watu 20, unapata sahani 120, na hiyo ndiyo namba itakayokuongoza katika kununua, kufungasha na kupima kuni au gesi.

Kabla ya kuchagua mapishi, muulize kila mtu mmoja mmoja kama ana mzio, kama kuna chakula asichokula kwa sababu ya dini au ya afya, na kama anakula nyama. Usiulize swali hili mbele ya kundi zima, kwani wapo watakaonyamaza kwa haya. Mzio wa karanga, maziwa, mayai au samaki unaweza kuhatarisha maisha, na kambini hospitali huwa mbali. Ikiwa mmoja ana mzio mkali wa karanga, mimi huziondoa karanga kwenye orodha ya kambi nzima, kwa sababu jikoni pa nje mwiko mmoja huingia katika sufuria tatu bila mtu kutambua.

Hatua ya 2: Anza na moto, kisha uchague mapishi

Andika una majiko mangapi na sufuria zenye ujazo gani. Ukiwa na meko mawili, kila mlo uwe na vyakula viwili vya moto, na cha tatu kiwe kibichi au kimeshapikwa: kachumbari, matunda au mkate. Kanuni hii peke yake imeniokoa mara nyingi kuliko mapishi yoyote.

Kwa gesi, jaribu nyumbani. Pima uzito wa mtungi, chemsha lita 5 za maji kwa jiko lile lile utakalolibeba, kisha pima tena. Tofauti ya uzito ndiyo gesi iliyotumika, na ukiizidisha kwa idadi ya sufuria utakazoteleka, ukaongeza theluthi moja kwa ajili ya upepo, utakuwa na kadirio la kutegemewa. Pale panapokuwa na baridi kali, fahamu kuwa gesi ya butani huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali ya propani huendelea kufanya kazi katika baridi iliyo chini sana ya hapo.

Ukienda mlimani, zingatia pia mwinuko. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwa takriban nyuzi 93, hivyo maharage makavu huchukua muda mrefu mno kuiva. Huko beba dengu zilizoparazwa, au maharage uliyoyachemsha nyumbani.

Hatua ya 3: Panga milo kwa kufuata uchovu wa watu

Jioni ya kwanza watu hufika wamechoka, mara nyingi giza limeshaingia, na mahema bado hayajasimama. Mlo wa Ijumaa uwe umepikwa nyumbani, ukapozwa, ukagandishwa, ili kambini ubaki kuchemshwa tu. Mchuzi mzito wa nyama au wa dengu pamoja na mkate unatosha kabisa. Mlo mkubwa upange Jumamosi jioni, wakati mikono ni mingi na muda upo. Asubuhi ya Jumapili chagua kitu cha sufuria moja, kama uji wa shayiri na matunda, na mchana uwe baridi, usiohitaji moto, kwa sababu vyombo vya jikoni vitakuwa vimeanza kufungwa. Vyakula vinavyoharibika upesi, kama nyama na mboga za majani, viliwe mwanzoni, na viazi, karoti, kabichi na nafaka vingoje siku ya mwisho.

Hatua ya 4: Pima, ununue na ufungashe

Kwa mtu mzima mmoja mimi huweka gramu 100 za mchele mkavu au tambi, na 125 ikiwa kundi limetembea siku nzima. Gramu 70 za dengu au maharage makavu. Gramu 150 za nyama isiyo na mfupa. Gramu 50 za shayiri kwa kifungua kinywa. Na mayai 2. Ongeza moja ya kumi juu ya jumla, usizidishe hapo, kwani kubeba mabaki ni mzigo na kuyahifadhi ni hatari.

Osha, menya na ukate nyumbani kila kinachowezekana. Viungo vikavu vya kila mlo vipime na uvitie katika mfuko wake, uandike juu yake siku, mlo na kiasi cha maji kinachohitajika, ili hata asiyejua mapishi aweze kushika zamu. Nyama gandisha ikiwa imefungwa vizuri isivuje, uilaze chini kabisa ya kasha la barafu, mbali na vinavyoliwa vibichi. Bonge kubwa la barafu huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo; mimi hugandisha maji ya kunywa kwenye chupa, nikiacha nafasi juu kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Vinywaji viwe na kasha lao, maana hilo litafunguliwa kila dakika na baridi yake yote itatoka.

Hatua ya 5: Andaa jiko la kambi

Weka jiko mahali tambarare, upepo ukivuma kutoka kwenye mahema kuelekea jikoni. Kamwe usipike ndani ya hema wala usiingize humo jiko la makaa ili kupata joto, kwa sababu hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Kwa kunywa, kupika na kuosha, tenga angalau lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku. Ya mtoni yachuje, kisha yachemke kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

Hatua ya 6: Pika wali wa watu 20

Nimechagua wali kwa sababu ndio unaoharibika mara nyingi zaidi kundi linapokuwa kubwa. Mara ya kwanza nilipowapikia watu wengi nilizidisha vipimo vya nyumbani mara tano, maji yakiwemo, na nikapata bokoboko juu na ukoko mweusi chini. Kosa lilikuwa kwenye maji. Sufuria kubwa haipotezi mvuke kwa kiasi kile kile, kwa hiyo vikombe 2 vya maji kwa kikombe 1 cha mchele, vinavyofaa nyumbani, huwa vingi mno.

Chukua kilo 2 za mchele na sufuria ya lita 10 yenye mfuniko mzito. Kama unapikia kuni, paka sabuni ya maji upande wa nje wa sufuria kabla ya kuiteleka, na masizi yatatoka baadaye bila kusuguliwa sana. Chemsha lita 4 za maji kwa chumvi na mafuta (kwa vikombe hii ni pungufu ya 2 kwa 1, kwa kuwa kilo 2 za mchele hujaza zaidi ya lita 2), mimina mchele uliooshwa, koroga mara moja hadi chini, funika na uache moto mkali mpaka uchemke tena. Hapo ndipo uvute kuni nje, ubakize makaa tu. Maji yanapokaribia kukauka utaona vishimo vidogo juu ya wali na utasikia sauti ya kuchemka ikigeuka kuwa mlio mkavu, kama wa kitu kinachokaangwa kwa mbali. Usikoroge tena. Tandaza makaa machache juu ya mfuniko, uupalie wali kwa dakika 15, kisha uuepue na uuache umefunikwa dakika 10 nyingine. Ukikuta kiini katikati ya punje, nyunyiza maji ya moto kidogo na ufunike tena. Wali huo bado unaokoleka.

Chumvi na pilipili za mchuzi nazo usizizidishe moja kwa moja. Anza na theluthi mbili ya hesabu, onja, kisha uongeze.

Hatua ya 7: Pakua, hifadhi na usafishe

Kuku aive mpaka kipimajoto kisome nyuzi 74 ndani ya mnofu, na nyama ya kusaga nyuzi 71. Vijidudu huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na 60, kwa hiyo chakula kilichokaa nje kwa saa 2, au saa 1 hewa ikiwa na joto zaidi ya nyuzi 32, hakirudishwi sufuriani. Wali uliolala nje usiku utupwe hata kama unanukia vizuri, kwa kuwa sumu inayoachwa na baadhi ya bakteria haiondoki kwa kupashwa moto.

Anayepakua awe mmoja, na wahudumiwe kwanza wenye masharti ya chakula, kabla miiko haijachanganywa. Kwa vyombo panga mabeseni matatu: la maji ya moto na sabuni, la kusuuzia, na la maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Maji machafu yachuje mabaki na uyamwage kwa kuyatawanya ardhini, angalau mita 60 kutoka mtoni, ambazo ni kama hatua 70 za mtu mzima. Chakula chote kifungiwe kwenye makasha magumu mbali na mahema, kwani wanyama hufuata harufu. Mwisho, mwagia makaa maji, uyakoroge na kijiti, umwage tena, na usiondoke mpaka uweze kuyashika majivu yote kwa kiganja bila kuhisi joto.