Kutoka Lushoto hadi Maziwe: panga safari yako kwa mwezi

Anayetaka kuona milima ya Usambara na bahari ya Pangani katika safari moja asianze kwa kutafuta basi wala nyumba ya wageni. Aanze na mwezi. Mimi nimezaliwa Soni, huko milimani, na nimeolewa Pangani, kwa hiyo ndugu na marafiki wa pande zote mbili huniuliza waende wapi, na kabla sijawajibu huwauliza: mtafika kwetu tarehe ngapi za mwezi mwandamo?

Sababu ni Maziwe. Kisiwa hicho kidogo kilichopo baharini mbele ya kijiji cha Ushongo, kusini ya Pangani, kimebaki fungu la mchanga mtupu. Wakwe zangu wanakikumbuka kikiwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Miti ikaisha kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, mchanga ukaliwa na mawimbi, na leo maji yakijaa kisiwa chote huzama. Ukifika saa isiyofaa utakuta bahari tu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, ambazo kwa kalenda ya Kiislamu ni kama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji ya mchana hukupwa sana kati ya saa nne na saa sita. Ukitoka Ushongo au Pangani saa mbili asubuhi unakuta mchanga mpana mweupe, unaogelea, unarudi kabla upepo wa alasiri haujashika. Maji yakiwa mafu, yale ya tarehe 8 au 23, kupwa huja jioni na mchanga unaotokeza ni mdogo. Wazamiaji hawajali hayo, tena wao huyapenda maji mafu kwa kuwa mkondo hauna nguvu. Kwa familia yenye watoto, mimi nasema bamvua.

Basi shika tarehe ya Maziwe kwanza, halafu hesabu siku sita au saba kurudi nyuma. Hizo ni za milimani na njiani. Kuhusu msimu, epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu barabara za vumbi za juu huteleza vibaya. Juni hadi Agosti kusi huvuma na bahari huchafuka, na Lushoto hapo ni baridi na ukungu. Nazipenda Septemba na Oktoba, au Januari na Februari.

Kutoka Dar es Salaam yapo mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto. Anayetoka Moshi au Arusha hushuka Mombo na kupanda gari dogo. Kutoka Mombo ni kilomita 30 na ushei za lami yenye kona nyingi, mto ukiwa chini yako. Kaa dirishani. Soni utaona maporomoko karibu kabisa na barabara, na kama una nusu siku ya ziada, shuka hapo ukapande mlima Kwa Mungu na kijana mwenyeji. Watu wengi hupita Soni bila kushuka, na mimi huumia kila nikiliona hilo. Vuga, iliyokuwa makao ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai akiwa mashuhuri kuliko wote, iko jirani.

Lushoto mjini, kwenye mita 1,400 hivi, lala usiku mbili au tatu. Chukua sweta. Siku ya kwanza nenda Irente kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu hivi kati ya mashamba na nyumba za watu. Pitia kwanza shamba la Irente ununue mkate, jibini na jamu, ukale kwenye jabali. Chini yako ukuta wa mlima unashuka ghafla, na unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde na mbuga ya Wamasai ikienda hadi macho yachoke. Nenda alasiri: asubuhi ukungu mara nyingi hufunika kila kitu, na jioni jua linatua mbele yako. Shika watoto mkono. Pale penye mandhari nzuri zaidi hapana ukingo.

Siku ya pili ni msitu wa Magamba. Huu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna kiingilio. Beba kitambulisho cha taifa, maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Chukua mwongozaji kutoka vikundi vya utalii wa kitamaduni mjini. Bila yeye utaona miti tu. Akiwepo utawaona mbega juu, na vinyonga ambao umewapita hatua mbili nyuma. Mwambie mapema kama magoti yako si mazuri, njia zipo za kila aina.

Mwenye nguvu aende Mtae. Kijiji kimekaa juu ya kilima chembamba, pande mbili ni shimo, na chini kaskazini ni nyika ya Mkomazi. Asubuhi yenye anga safi milima ya Upare inaonekana yote. Lakini mabasi ya huko hupanda mchana, hulala kule kule na kushuka alfajiri, kwa hiyo lazima ulale. Ukiwa na siku chache, acha Mtae uende Amani. Usijaribu vyote viwili kwa haraka.

Kwenda Amani unateremka tena Mombo, unapita Korogwe na Segera, unashuka Muheza. Kama ni msimu wa machungwa nunua hapo hapo, hutayapata matamu hivyo mbele. Gari la kupanda Amani huondoka mchana, basi ukiwa Muheza kabla ya saa sita utakuwa salama. Chukua pesa taslimu za kutosha.

Amani ndiyo sehemu ya safari ninayoipenda kuliko zote. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea hapo mwaka 1902, wakapanda miti ya mabara mbalimbali, na mingi ingali imesimama, minene, karibu na nyumba za zamani na mashamba ya chai. Msitu wa asili unaoizunguka ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Mwombe mwongozaji akuonyeshe dughulushi, ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, na maua ya aina hiyo yanayowekwa madirishani Ulaya na Marekani yana asili hapa Tanga. Piga picha, usichume hata jani. Mmea huu unaishi mahali pachache, na msitu ukikatwa hauna pa kuhamia. Usiku toka na tochi pamoja na mwongozaji, ndipo vyura na vinyonga huonekana.

Kutoka hapa unateremka pamoja na mto Zigi, ambao maji yake hukusanywa bwawa la Mabayani na kunyweshwa jiji la Tanga. Kwa hiyo chai utakayokunywa mjini imepikwa kwa maji ya msitu uliotoka kuutembea.

Watu husema Tanga, waja leo waondoka leo. Wewe lala. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kaskazini, kwenye njia ya Horohoro: mawe ya chokaa, popo, vyumba vikubwa na vipenyo vya kupita kwa tumbo. Vaa viatu vya kufunga. Mahali watu walipoacha sadaka usiguse kitu. Jioni nenda ufukwe wa Raskazone, kisha tafuta samaki wa kupaka.

Njiani kwenda Pangani simama Tongoni, kilomita 20 hivi kutoka Tanga. Kuna magofu ya msikiti na makaburi 40 hivi, mengi ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Meli za Vasco da Gama zilipita pwani hii mwaka 1498. Usikalie kaburi wala usilipande kwa ajili ya picha.

Pangani mjini tembea polepole mtaa wa mtoni, wenye nyumba za enzi za biashara ya pembe na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa hapa Desemba 1889. Waamkie wazee shikamoo, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na dada zangu, leso mbili mkobani zitawafaa sana. Jioni kodi boti upande mto, kati ya mikoko na minazi, na usitie mkono majini, mamba wapo.

Asubuhi ya bamvua ikifika, mambo ni machache. Patana bei na nahodha siku moja kabla, na muulize waziwazi kama kiingilio cha hifadhi ya bahari kimo ndani. Hakikisha kila mtu ana jaketi la kuokolea. Nahodha asiye nayo mwache, hata kama bei yake ni nzuri. Maziwe hakuna kivuli wala maji, beba mwamvuli na lita mbili kwa kila mtu. Vaa viatu vya mpira kwa ajili ya wale viumbe wa baharini wenye miiba myeusi. Usisimame juu ya matumbawe. Mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa pwani ya Ushongo ili maji yasiyafunike, hivyo uliza ukirudi kama kuna vifaranga watakaoachiwa jioni hiyo. Na nahodha akisema twende, panda boti. Maji yakianza kurudi Maziwe, hayamsubiri mtu.

Mwenye gari imara na siku ya ziada aendelee kusini hadi Saadani, hifadhi ya taifa inayogusa bahari, kisha atokee Bagamoyo. Asiye na gari arudi Tanga apande basi la asubuhi.