Yungiyungi la buluu katika bwawa la bustani: beseni, udongo na kina

Yungiyungi la buluu, Nymphaea nouchali, ni mmea wa kwetu. Huota lenyewe kwenye mabwawa na vinamasi vya Afrika Mashariki, na aina yake mojawapo imepewa jina la Zanzibar. Kwa hiyo joto la pwani halilisumbui. Kinacholiua bustanini, mara nyingi, ni udongo wenye samadi na kuzamishwa kina kirefu siku ya kwanza.

Chagua mahali panapopata jua kamili saa sita kwa siku. Kivulini utapata majani tu. Liweke mbali na mahali maji yanapodondoka au kurushwa, kwa sababu yungiyungi hupenda maji yaliyotulia na majani yake huoza yakilowa juu kila wakati. Bwawa jipya la saruji lisipandwe mara moja: lijaze maji, liache siku kadhaa, limwage, kisha rudia mara tatu au nne ili chokaa ya saruji iishe makali. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku mbili kabla ya kuweka samaki.

Panda katika beseni pana, sentimita 40 kwa upana na 20 kwenda chini. Mizizi hutambaa kuliko inavyozama, hivyo ndoo nyembamba haifai. Tumia udongo mzito wa shambani wenye mfinyanzi. Uloweshe kidogo, ufinye kiganjani: ukishikamana na kubaki na alama za vidole, unafaa. Usichanganye samadi, mboji wala pumba. Vitu hivyo huelea, huoza bila hewa, hutoa harufu ya yai bovu na kuozesha kiazi, yaani sehemu nene ya mmea inayopandwa.

Jaza udongo uliolowa, ushindilie kwa mkono, kisha pachika kiazi katikati kikiwa wima. Pale majani yanapochipukia, yaani jicho, pabaki wazi, juu ya udongo. Pakifukiwa, chipukizi huoza. Tandaza kokoto ndogo unene wa sentimita 2 kuzunguka jicho hilo, udongo usitibuke. Mwagilia beseni mpaka lishibe, ndipo ulizamishe taratibu, likiwa limeinama kidogo ili hewa itoke. Ukiona mapovu yanapanda, subiri yaishe.

Mwanzoni maji yawe sentimita 10 hadi 15 tu juu ya jicho. Inua beseni kwa matofali. Majani matatu au manne yakishatandaa juu ya maji, toa tofali moja. Endelea hivyo kwa wiki kadhaa hadi kina cha sentimita 30 hadi 45. Mmea mchanga uliozamishwa moja kwa moja humaliza akiba ya kiazi kabla jani halijaliona jua.

Mbolea ni muhimu kwa maua. Kila mwezi, funga kijiko kimoja cha chai cha NPK kwa kila lita 10 za udongo ndani ya kipande cha gazeti, ukididimize kwenye udongo, mbali na kiazi. Usimwage mbolea majini: utalisha mwani, vimea vidogo vinavyoyafanya maji yawe ya kijani, na mbolea ya urea inaweza kuua samaki.

Maji ya kijani katika wiki za mwanzo yasikutie hofu, wala usiyamwage. Majani yakifunika karibu nusu ya bwawa, kivuli chake hupunguza mwani. Yakizidi theluthi mbili, yapunguze, maana samaki watakosa hewa alfajiri. Weka gapi, samaki wadogo, ili wale viluwiluwi vya mbu. Perege waepuke, kwani huchimba na kutafuna mizizi. Kama wamo tayari, zungushia jicho mawe makubwa ya ngumi. Vidukari weusi juu ya majani waoshe kwa mpira wa maji, samaki watawamaliza. Dawa ya kupulizia itawaua samaki hao.

Kata jani lililogeuka njano karibu na shina lake. Majani yakianza kusukumana na kusimama juu ya maji huku maua yakipungua, beseni limejaa: lipandue, tenganisha viazi, na upande upya kwa udongo mpya.