Tairi la rafu rodi litakalodumu: namna ya kulichagua kwa pikapu ya Mwanza

Pikapu ya Mwanza alfajiri inabeba dagaa kutoka soko la Mwaloni, mchana iko kwenye moramu ya Sengerema, jioni inapanda barabara za mawe milimani. Kwa kazi mchanganyiko kama hiyo, chukua A/T, tairi la njia zote, lami na vumbi. M/T, lile tairi la tope lenye kashata (vipande vya raba vinavyokanyaga barabara) nene zilizoachana, linavutia macho dukani, lakini njia kuu za kwenda Geita, Musoma na Shinyanga ni lami. Kwenye lami yenye joto kashata zile huliwa upesi, hupiga kelele, na mvua ikinyesha breki hazishiki vizuri. M/T ni ya anayeshinda mbugani, kwenye udongo mweusi wa Kwimba na Magu. Huko wakati wa masika A/T hujaa tope na kuwa kama kipara ndani ya mita chache.

Anza na kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kina ukubwa wa tairi na upepo wake. Tuseme kimeandikwa 265/65R17, na tairi la dukani linaongeza 112S. Hiyo 112 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya mzigo iliyokuja na gari, hata bei ikiwa tamu. Wanaobeba samaki na barafu, saruji au mbao wapande juu kidogo: 116 ni kilo 1,250, 121 ni kilo 1,450. Uzito huo tairi hulibeba likiwa limejazwa upepo uliokusudiwa. Likiwa na upepo pungufu, nguvu yake inashuka.

Kishawishi cha kuongeza ukubwa ili gari "lisimame" kina gharama. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kimo cha tairi kinaongezeka kama milimita 26. Dashibodi ikisoma 80, gari linakwenda karibu 83, injini inavuta kwa shida kwenye vilima, na ukikata kona kali tairi linaweza kugusa madigadi.

Sasa ubavu. Matairi ya pikapu huku hayauawi na kashata kuisha tu, yanauawa pia na ubavu kupasuka kwa ncha ya jiwe. Ndiyo maana tairi la magari ya mizigo, lenye herufi LT mwanzoni mwa namba ya ukubwa, au C mwishoni, ni bora kwa mzigo kuliko la gari dogo: kuta zake ni imara zaidi, na LT nyingi zina kashata za kina kirefu. Soma maandishi ya ubavuni yanayotaja nailoni au poliesta na idadi ya tabaka. Matatu ni mazuri kuliko mawili. Ila LT ni gumu na linahitaji upepo zaidi ya ule wa kibati ili libebe mzigo uleule. Fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Kashata zenyewe zikague kwa kidole. Unataka mipasuo midogo juu yake, hiyo ndiyo inayoshika lami yenye maji, na vinundu vidogo chini ya mifereji vya kusukuma kokoto nje. Pasipo vinundu hivyo, jiwe dogo lenye ncha hubana mferejini na kila mzunguko wa tairi unalididimiza zaidi. Huchoma raba taratibu mpaka lifike kwenye waya, maji yaingie, waya ushike kutu. Nje unaona katundu tu. Baada ya safari ya moramu toa mawe hayo kwa bisibisi butu.

Umri wa raba ni kitu ambacho muuzaji hatakutajia. Tafuta neno DOT ubavuni, soma tarakimu nne za mwisho: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mara nyingi ziko upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze. Lisilozidi miaka miwili ni sawa. Liache lililopangwa juani mbele ya duka kwa miezi, na lenye nyufa nyembamba kati ya kashata liache hata kama halijawahi kufungwa. Matairi ya mtumba tusiyazungumzie.

Nunua matano ya aina moja, spea ikiwemo, kisha uyazungushe yote kila kilomita 8,000. Siku ya kufunga, dai balansi na alaimenti, na baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati upya. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Kwenye mchanga wa ufukweni unaweza kushusha hadi psi 20 hivi na kwenda polepole, lakini rudisha upepo kabla ya kugusa lami. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa linajichemsha mpaka linapasuka.

Siku ya kufunga pima kina cha kashata kwa geji au rula ndogo, uandike. Tuseme ni milimita 11. Kwa barabara zetu litoe likibaki na 3, ingawa alama za mferejini za kuonyesha tairi limekwisha zinasubiri 1.6. Una milimita 8 za kutumia. Ukipima kwenye kilomita 8,000 ukakuta zimeondoka 2, litakufikisha kilomita 32,000 tu, na hizo ni chache kwa A/T nzuri. Usilaumu chapa bado. Likiliwa katikati, upepo umezidi; mabega yote mawili, umepungua; upande mmoja, ni alaimenti au bushi; likiwa na mabonde-mabonde, shokapu zimekwisha.