Jinsi ya kununua kwenye maduka ya dola Marekani bila kulipa zaidi

Kwa zaidi ya miaka 30 maduka ya Dollar Tree yaliuza karibu kila kitu kwa dola 1. Mwishoni mwa 2021 yakapandisha hadi dola 1.25, na sasa utakuta humo bidhaa za dola 3, 5 hata 7. Dollar General na Family Dollar zina dola kwenye jina tu; bei zake ni za kila aina. Ukiwa na bajeti iliyobana, usitulizwe na bango la nje. Piga hesabu.

Hatua ya 1: Andika bei zako za kulinganishia. Chagua vitu kumi unavyonunua kila mwezi: unga, mchele, mafuta, maziwa, sabuni, karatasi za chooni na kadhalika. Kwa kila kimoja andika kwenye simu bei ya supamaketi unayoizoea, kwa pauni, kwa galoni au kwa kipande. Pauni 1 ni aunsi 16, karibu gramu 454. Galoni 1 ni aunsi 128 za ujazo, karibu lita 3.8. Usichanganye aunsi za uzito (oz) na za ujazo (fl oz).

Hatua ya 2: Gawanya ukiwa dukani. Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Chukua paketi ya maziwa ya fl oz 16 kwa dola 1.25. Inaonekana rahisi, lakini galoni moja ina paketi nane za namna hiyo, kwa hiyo umelipa dola 10 kwa galoni. Tuseme unga wa ngano wa pauni 2 ni dola 1.75, na supamaketi wanauza pauni 5 kwa dola 2.75. Wa kwanza ni senti 87 na nusu kwa pauni, wa pili senti 55. Viwanda hutengeneza vifurushi vidogo mahususi kwa maduka haya, kwa hiyo chupa inayofanana na ya supamaketi huenda imepungua aunsi kadhaa. Soma namba ya uzito au ujazo iliyo sehemu ya chini ya lebo ya mbele, si ukubwa wa chupa.

Hata hivyo kifurushi kidogo si kosa kila mara. Kama unahitaji kiungo utakachotumia mara moja, au zimebaki dola tano mpaka mshahara uingie, nunua kidogo na usione vibaya.

Hatua ya 3: Jaza kikapu kwa vitu visivyo na hila. Kadi za pongezi, mifuko ya zawadi, maputo, sahani na glasi, hanga, karatasi ngumu za miradi ya shule, miwani ya kusomea. Hapa maduka ya dola mara nyingi hushinda, na kwa mbali.

Hatua ya 4: Geuza kifungashio usome nyuma.

Betri: zilizoandikwa "Heavy Duty" kwa kawaida ni za zinki na kaboni. Zinaisha haraka na huvuja zikisahaulika ndani ya kifaa. Zinafaa kwa saa ya ukutani au rimoti. Kwa tochi na midoli ya injini tafuta neno "Alkaline".

Jiki: tafuta asilimia ya "sodium hypochlorite". Ya kuua vijidudu iwe kati ya 5 na 9. Kama asilimia haijaandikwa, au jiki ni ya nguo za rangi, usiitegemee kwa usafi wa jikoni wala chooni. Ikiwa sawa, changanya vijiko vikubwa 5 kwa galoni moja ya maji ya kawaida, fungua madirisha, paka, na uache sehemu uliyopaka ibaki na majimaji angalau dakika moja. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi.

Dawa: panadoli tuliyoizoea nyumbani, yaani parasetamoli, huku inaitwa "acetaminophen". Linganisha miligramu na idadi ya vidonge, kisha tarehe ya mwisho. Dawa nyingi za mafua tayari zina acetaminophen ndani; ukimeza zote mbili unaweza kupita miligramu 4,000 kwa saa 24, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima, na ini likaumia.

Nyaya za umeme na chaja: kama hakuna alama ya UL au ETL, yaani kwamba zimepimwa usalama, ziache.

Chakula: angalia tundu, alama za meno na makopo yaliyobonyea kwenye mshono. Mwaka 2022 Family Dollar ilifunga kwa muda maduka zaidi ya 400 baada ya ghala lake la West Memphis, Arkansas, kukutwa na panya wengi.

Hatua ya 5: Panga siku. Dollar General imekuwa ikitoa kuponi ya Jumamosi kwenye programu yake: punguzo la dola 5 ukinunua kwa dola 25 kabla ya kodi. Iwashe kabla ya kufika kwa keshia. Ukilipia chakula kwa kadi ya EBT (ya msaada wa chakula wa serikali) hutozwi kodi ya mauzo kwenye chakula hicho. Sabuni na nepi lipia kando.

Hatua ya 6: Kwa keshia, simama uone bei zikipita kwenye mashine. Kabla ya hapo, piga picha kibandiko cha rafu kwa kila kitu ulichochukua kwa sababu ya bei. Kosa la kawaida ni bei mpya kuingia kwenye mashine huku kibandiko cha zamani kikibaki, kwa kuwa wafanyakazi ni wachache. Mwaka 2023 Dollar General ililipa dola milioni 1 kumaliza kesi ya aina hii jimboni Ohio. Bei ikizidi, mwonyeshe keshia picha kabla hujalipa. Ukigundua baadaye, rudi na risiti. Ukiwa Michigan, sheria inakupa tofauti ya bei pamoja na mara kumi ya tofauti hiyo, isiyopungua dola 1 wala kuzidi dola 5, mradi uwaarifu ndani ya siku 30.