Mtoto anacheua kila saa na usiku hamlali: fanya hivi

Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Eastlands kwa miaka mingi, na karibu kila siku kuna mama anayenionyesha leso iliyokauka maziwa. "Sista, huyu anarudisha yote." Namwelewa. Mwanangu wa kwanza alinicheulia sare ndani ya matatu, Jogoo Road, na sikuwa na nyingine.

Hatua ya 1: Pima hofu yako

Chukua vijiko viwili vya chai vya maziwa, umwage kwenye leso kavu. Tazama doa linavyotambaa: ungeapa ni kikombe kizima. Basi anachocheua mtoto mara nyingi ni kiasi hicho tu. Mlango wa juu wa tumbo lake bado ni mlegevu, na maziwa hupanda yenyewe bila yeye kujikaza. Kucheua huzidi akikaribia miezi 4, na kwa wengi huisha kabla ya mwaka.

Sasa fungua kitabu cha kliniki, uangalie mstari wa uzito. Kama unapanda na mtoto ana furaha, shida uliyonayo ni ya kufua nguo.

Hatua ya 2: Mnyonyeshe kabla hajalia

Akianza kula ngumi na kugeuza kichwa akitafuta ziwa, mpe. Ukingoja alie, atameza hewa nyingi, kisha anyonye kwa pupa. Mdomo ushike sehemu kubwa ya ile nyeusi inayozunguka chuchu, si chuchu peke yake. Wa chupa asilazimishwe kumaliza kilichobaki, na maziwa ya kopo yachanganywe kama kopo linavyosema, bila kuongeza uji ili "yashuke".

Hatua ya 3: Abeue, kisha akae wima

Mweke begani, au mkalishe pajani umeshika kidevu (si koo), umpapase mgongo. Fanya hivyo unapobadilisha ziwa na mwishoni. Dakika tano zikipita bila mbweu, achana nayo.

Kisha mshike wima dakika 20 hadi 30. Hapa ndipo wengi hukosea: anabeua, halafu anabadilishwa nepi papo hapo, miguu juu, tumbo limebanwa. Yote yanarudi. Nepi ibadilishwe kabla ya kunyonya. Na mpira wa suruali usimkaze kitovuni.

Hatua ya 4: Mlaze chali

Ndiyo, hata anayecheua. Najua shosho atasema atapaliwa. Akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yakipanda ni vigumu kuingia kwenye mapafu. Kumlaza kifudifudi au ubavu ndiko kunakoongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Godoro liwe gumu na bapa, bila mto.

Hatua ya 5: Panga mambo ya usiku kukiwa bado mchana

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na usiku ndipo homoni ya maziwa huwa juu. Weka karibu leso mbili, nepi, maji yako ya kunywa, na tochi hafifu, maana tokeni za stima huisha saa nane usiku. Usimchezeshe wala kuwasha taa kubwa. Baba anaweza kuchukua zile dakika za wima. Hizo hazihitaji ziwa. Usingizi ukikuzidi, usikae kwenye kochi naye.

Baridi ya Julai isikufanye uingize jiko la makaa chumbani. Moshi wake usioonekana huua.

Usingoje kliniki

Nenda hospitali leo hii akitapika rangi ya kijani au damu, maziwa yakiruka kwa nguvu kila anaponyonya (hasa kati ya wiki ya 3 na ya 6), nepi zikikauka, tumbo likivimba, akilegea, au akiwa chini ya miezi 3 na joto limefika 38. Uzito ukikwama, pia njoo.

Ukija kwa chanjo ya wiki ya 10, usiniambie "anatapika sana". Niambie mara ngapi, rangi gani, na muda gani baada ya kunyonya. Hata picha ya leso kwenye simu nitaiangalia; ninazo nyingi kichwani za kulinganisha.