Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujapanda Mlima wa Sintra

Sintra iko karibu na Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kiasi cha kumdanganya mtu. Treni kutoka stesheni ya Rossio huchukua takriban dakika 40, nauli yake si kubwa, na picha za lile kasri la manjano na nyekundu juu ya mlima zimezagaa kila mahali, hivyo mgeni hujipangia nusu siku akidhani kwamba ataona ngome, makasri mawili na bustani, kisha arudi mjini kula chakula cha mchana. Haiwezekani. Nimepeleka wageni Sintra mara nyingi, na safari moja nilimpeleka shangazi yangu kwa uzembe ambao hadi leo hunikumbusha kila tunapozungumza kwa simu, kwa hiyo haya nayaandika nikiwa na deni.

Viza, bima ya safari na pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kwisha: hayo unayajua, sitayarudia.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli inayoshika. Beba koti hata ikiwa ni Agosti na jua la Lisbon linachoma, kwa sababu mlima ule unapakana na bahari ya Atlantiki na hunasa ukungu wake. Unaweza kuteremka kwenye treni ukakuta mji una jua, lakini kileleni mtu haoni mita ishirini mbele yake. Usiende Jumatatu kama una siku nyingine. Makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa siku hiyo, makasri ya Sintra hayafungwi, na watu wote waliokuta milango imefungwa mjini hupanda treni uliyoipanda wewe.

Jambo la pili ni kujua unachokwenda kukitazama, maana wengi hurudi wakisema wameona kasri la zama za kati ilhali wameona jengo la karne ya 19. Kasri la Pena, hilo la kwenye picha, lilijengwa na Fernando wa Pili, mwanamfalme wa asili ya Kijerumani aliyemwoa Malkia Maria wa Pili. Mwaka 1838 alinunua magofu ya nyumba ya watawa iliyokuwa imeharibiwa na tetemeko la 1755, akajenga juu yake ndoto yake mwenyewe, yenye minara, makuba na vigae vya kila aina. Ni zuri, lakini ukongwe wenyewe uko kwingine. Uko kwenye ngome ya Castelo dos Mouros, iliyojengwa na Waislamu walipoitawala nchi hiyo, na ambayo ilisalimu amri kwa Mfalme Afonso Henriques mwaka 1147 baada ya Lisbon kutekwa. Na uko chini mjini, kwenye kasri la wafalme lenye mabomba mawili meupe ya moshi. Kama una nguvu za mahali pawili tu, chagua hayo mawili ya mwisho. Najua hutanisikiliza, utakwenda Pena, basi sikiliza habari ya tiketi.

Tiketi ya kuingia ndani ya Kasri la Pena huandikwa saa maalumu. Yangu na ya shangazi ziliandikwa 11:00, yaani saa tano ya asubuhi, na niliponunua nilijisifu kwa kupata nafasi nzuri. Tulitoka Lisbon mapema. Shangazi, ambaye amezaliwa na kuzeekea Tanga, alikuwa amevaa makubadhi yake ya ngozi na kujitanda kanga mbili, nami nilinyamaza kwa sababu si adabu kumfundisha mtu wa miaka sabini na mitatu namna ya kuvaa. Nje ya stesheni tukakuta foleni ya basi namba 434, lile linalozunguka mlima, imepinda hadi kwenye kona ya barabara. Mabasi mawili yalijaa mbele ya macho yetu. La tatu likatuchukua tukiwa tumesimama, na shangazi akashikilia mkono wangu katika kila kona hadi vidole vyake vikaacha alama.

Tulifika kwenye lango la bustani saa tano kasoro dakika kumi. Nikamwambia, “Umeona, shangazi? Tumewahi.” Nilikuwa nimekosea. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mlango wa kasri lenyewe wala si ya lango la bustani, na kati ya lango na mlango kuna mpando wa kutembea wa karibu nusu saa kwa mwenye miguu mizima. Kipo kibasi kidogo cha kupandisha watu, lakini hulipiwa pembeni na kina foleni yake. Nikaona kusubiri ni kupoteza muda, tukaanza kupanda kwa miguu. Mawe ya njia yalikuwa yamelowa kwa ukungu. Kila hatua kumi kubadhi la kulia lilikuwa likiteleza na kumtoka shangazi mguuni, nami nainama kumvisha, na watu wanatupita. Hatimaye aliyavua yote mawili, akayafunga kwenye ncha ya kanga, akapanda peku huku akisema hajawahi kuona mfalme anayejificha na wageni wake kiasi hicho.

Mlangoni tulifika saa tano na dakika thelathini na tano. Mhudumu akatazama tiketi, akatazama saa, akatikisa kichwa. Hakuwa mkorofi, alieleza kwa upole kwamba nafasi yetu imepita na kwamba maelezo hayo yameandikwa kwenye tiketi. Yalikuwa yameandikwa kweli, nami sikuyasoma. Shangazi alimjibu kwa Kiswahili sanifu kabisa, “Mwanangu, saa tano tulikuwa hapa hapa, tunakutafuteni.” Hatukuingia. Tukasimama kwenye baraza za nje, tukitazama ukuta wa manjano unatokea ndani ya ukungu, unapotea, unatokea tena.

Kwa hiyo hesabu saa ukianzia mlangoni ukirudi nyuma. Toa nusu saa ya mpando, au zaidi kama una mzee au mtoto, toa muda wa foleni ya basi, ambao asubuhi ya kiangazi unaweza kuwa saa nzima, toa treni, kisha ndipo ujue utaamka saa ngapi. Afadhali uwahi ukae kwenye benchi la bustani chini ya miti kuliko kukimbia. Na ukipata nafasi ya kwanza kabisa ya asubuhi, ichukue hata kama itakunyima usingizi.

Ngome haina masharti magumu ya saa, bali ina masharti ya miguu na moyo. Njia ya walinzi inapita juu ya ukuta, nyembamba, na upande wa ndani kuna sehemu zisizo na kitu cha kukuzuia usianguke. Upepo unapovuma usiwe na mwamvuli. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, na asiyependa vimo abaki chini, ambako kuna birika la kale la maji, mashimo ya kuhifadhia nafaka yaliyochimbwa ardhini, na kaburi ambalo wageni wengi hulipita bila kulitazama. Mafundi wa Fernando walipokuwa wakikarabati eneo hilo walifukua mifupa, na kwa kuwa haikujulikana ni ya Wakristo au ya Waislamu, ilizikwa pamoja chini ya jiwe moja lililochongwa msalaba na mwezi mwandamo. Simama hapo dakika moja kabla ya kuanza ngazi.

Kasri la mjini ndilo lililoniokoa na hasira za shangazi. Liko kwenye tambarare, karibu na vituo vya basi, na siku ya ukungu halipotezi kitu kwa sababu utajiri wake uko ndani. Yale mabomba meupe, yenye urefu wa mita 33, ni paa la jiko: unasimama katikati, unainua uso, na unaona ukuta unakuwa mwembamba hadi kwenye tundu la mwanga huko juu. Shangazi alihesabu meko, akauliza hapo palipikwa pilau ya watu wangapi, akakaa kitako kwenye kizingiti kwa robo saa. Mwanzoni utapita ukumbi wenye dari la ndege wa batamaji 27, na mbele yake chumba ambamo Mfalme Afonso wa Sita alifungiwa na ndugu yake tangu 1674 hadi alipofariki mwaka 1683. Vigae vya sakafu vimelika, na husimuliwa kuwa ni kwa nyayo zake, akienda na kurudi. Sisi tuliolichukua neno gereza kutoka neno la Kireno la kanisa, na tuliokuwa na Fort Jesus ya Mombasa iliyotumiwa kufungia watu hadi 1958, tunakielewa chumba hicho bila kusubiri maelezo ya mwongozaji.

Yaliyobaki ni madogo, lakini yote yameshamharibia mtu siku. Usiende kwa gari la kukodi. Barabara za juu zimewekewa vizuizi na maegesho ni ya kugombania. Begi la mgongoni utaambiwa ulivae kifuani ukiwa ndani ya vyumba, hivyo lisiwe kubwa. Chukua maji na kitu cha kutia mdomoni, hata zile keki ndogo za jibini na mdalasini ziitwazo queijadas, kwa kuwa chakula cha juu ni ghali na foleni yake ndefu. Basi la 434 huzunguka upande mmoja tu, hivyo ukipitiliza ngome usidhani utageuza kirahisi kwa basi hilo hilo. Kubalianeni mapema mahali pa kukutana iwapo mtapotezana kwenye ukungu. Tazama saa ya basi la mwisho la kuteremka kabla hujapanda, na uitazame kwenye kibao cha kituo chenyewe, si kwenye karatasi uliyochapisha nyumbani wiki tatu zilizopita.