Ajrak: igeuze, ifue, usiitie ndimu

Hapa Kiyembe, Kampala, ukitaja ajrak, ile shuka ya Kisindhi ya kuchapwa, utaonyeshwa kitambaa chochote chenye nyekundu na buluu. Usitoe pesa kwanza.

Igeuze. Wachapaji wa Sindh, huko Pakistan, hugonga mihuri ya mbao kwa mkono, na ajrak ya daraja la juu huchapwa pande zote mbili, ua juu ya ua. Zipo halisi za upande mmoja pia, kwa hiyo nyuma ikiwa imefifia usiikatae papo hapo. Ajrak ina pindo na mji kama kanga. Pitisha kidole kwenye pindo. Pale muhuri mmoja ulipokutana na mwenziwe, mistari hupishana unywele, au rangi huwa nzito kidogo. Mashine nayo hukosea, ila hurudia kosa lile lile kila baada ya kipimo kile kile.

Kisha lowesha leso nyeupe, sugua penye buluu. Nili, yaani hiyo rangi ya buluu, ikiwa mpya huacha rangi, wala si kasoro.

Kufua ni kwepesi: maji baridi, peke yake, sabuni kidogo ya mche, bila kuloweka. Anika kivulini. Jiki isikaribie.

Sasa ndimu. Mteja wangu, mama wa Kisindhi, aliniletea ajrak ya marehemu mumewe nikunje pindo lililofumuka. Kwao mgeni hutandazwa ajrak mabegani kwa heshima, na bwana harusi huivaa. Hii ilikuwa ya harusi yao. Nikaimwagia chai. Mkono ukakimbilia ndimu na chumvi, ile dawa ya kutoa kutu kwenye gomesi, gauni la kina mama wa Uganda. Doa likapungua kweli, lakini mistari myeusi pale pale ikageuka rangi ya uji. Kumbe weusi wa ajrak ni kutu yenyewe: vyuma chakavu vilivyolowekwa na sukari guru mpaka vichachuke. Nilikuwa natoa kutu iliyowekwa makusudi.

Chai ikimwagika, tia kitambaa chini ya bomba mara moja, maji yapite kutoka upande wa nyuma, basi. Kivuli kidogo kikibaki, kiache.

Mama yule alipitisha kidole penye mabaka, akanyamaza, akasema, "Fundi, nifungie tu." Akalipa kazi yote. Tangu siku hiyo kikombe changu hukaa dirishani.